Siku Ambazo Somo Hakuswali

Ilianza Jumatano, saa nane na dakika ishirini mchana. Saa naijua kwa sababu nilikuwa naitazama ile ya ukutani, nikihesabu mama atarudi lini kutoka hotelini Diani, anakofua mashuka, na jibu lilikuwa saa moja jioni. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, niko peke yangu nyumbani, na gauni langu la manjano lilikuwa na damu.

Nikalifua. Nikalianika, nikaona doa bado lipo, nikalianua nikalifua tena. Mara ya tatu sauti ikatoka upande wa pili wa ua.

"We mtoto, hilo gauni lina nini hata ulifue mara tatu?"

Alikuwa jirani yetu, yule mshona makuti. Tulikuwa tumekaa naye ua kwa ua miaka minne hapa Mwabungo na sikuwahi kumwambia neno zaidi ya shikamoo. Sikumjibu. Mimi nikiulizwa jambo maneno hukwama, na kadiri mtu anavyosubiri ndivyo yanavyozidi kukwama. Shuleni waliniita Bubu. Alisubiri, kisha akazunguka ua akaja, ufito bado uko mkononi. Akalitazama gauni, akanitazama mimi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi ingia ndani, usisimame juani."

Alisema kama mtu aliyeletewa habari njema. Mimi nilidhani nimeugua.

Hivyo ndivyo alivyokuwa somo wangu. Mama ni mtu wa bara. Alisilimu akaolewa na baba, baba akaondoka, sisi tukabaki, na jambo la somo hakulijua. Ikabidi aelezwe na jirani jioni ile, mlangoni, sare ya kazi bado mwilini: kwamba msichana akivunja ungo hafunzwi na mama yake, anafunzwa na mwanamke mwingine, na huyo atakuwa somo wake mpaka kufa, wataitana somo wote wawili, na watakayozungumza ni yao.

"Sasa mimi kazi yangu ni gani?" mama akauliza.

"Yako ni kutouliza."

Mama alicheka. Siku ya pili yake nilikuta pakiti ya pedi juu ya kitanda changu, na juu yake kipande cha karatasi kwa mwandiko wake: *Maelezo yamo ndani.* Hatukulizungumza tena, mimi na yeye, kwa miaka mitatu. Sijui nani alikuwa anamheshimu nani.

Somo alifundisha mikono ikifanya kazi. Hakunikalisha chini akanitazama usoni hata siku moja. Tuliketi barazani kwake, lundo la majani makavu ya mnazi katikati yetu, yeye anakunja jani juu ya ufito na kulishona, mimi namchagulia majani yasiyoraruka, na maneno yanakuja katikati ya kazi. Makuti yake yalikwenda kuezeka mahoteli ya Diani ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuingia. Nadhani alijua kwamba mtoto kama mimi akitazamwa atakimbia. Au labda yeye pia alikuwa hivyo. Macho yake yalikaa kwenye sindano, na akisema neno zito, kama tupu, au kizazi, alivuta uzi kwa nguvu zaidi.

Alinifundisha kuoga baada ya siku zangu, wapi pa kuanzia na nia ya kutia moyoni. Alinifundisha kukata kitambaa, kukikunja na kukifunga, hata kama nina pedi, "kwa sababu pedi zinaisha na damu haijui kwamba duka limefungwa." Alinifundisha rangi zote za damu, ya mwanzo na ya mwisho, bila kukunja uso, kama fundi anayeeleza mbao.

Na alinifundisha kwamba damu ni mbili. Ya kwanza ni hedhi, ya desturi, ambayo ikija huswali wala hufungi. Ya pili ni istihadha, damu ya ugonjwa. "Ikizidi siku kumi na tano, hiyo si hedhi tena," alisema. "Hapo unajisafisha, unajifunga vizuri, unaswali kama kawaida. Na unatafuta dawa. Usijidanganye." Alinifanya nirudie mara tatu. Mara ya tatu sauti yangu ilitoka.

Alikuwa na mambo yake mengine ambayo sikuyaamini. Mwenye hedhi hakuruhusiwa kukaribia mipilipili yake nyuma ya nyumba, kwa sababu itanyauka. Muuguzi alipokuja shuleni kwetu kutuzungumzia mambo haya, akasema hizo ni hadithi tu, nilimpelekea Somo habari nikidhani atashangaa.

"Huyo daktari wenu ana mipilipili?" akauliza.

"Sijui."

"Basi."

Lakini jambo jingine la muuguzi yule alilichukua. Kabla ya hapo Somo alikuwa akituambia, sisi wasichana aliotufunza, vitambaa tuvianike chumbani, chini ya leso, mwanamume asivione. Nilipomwambia kwamba kitambaa kisichoona jua kinabaki na vijidudu, na kwamba mwasho wangu wa mwezi uliopita huenda ndio ulitoka hapo, alivuta uzi mpaka ukakatika. Mwasho ule sikuwa nimemwambia mtu. Asubuhi ya pili yake niliona kamba mpya uani kwake, inaonekana kutoka njiani, na juu yake vitambaa kumi na viwili vimepangwa kama samaki. Yeye amekaa kando, anashona. Wazee waliokuwa wakitoka msikitini walitazama mara moja kisha wakatazama mchanga.

Miaka mingapi alikuwa ametufundisha kuficha, na aliacha kwa siku moja. Hakuniambia kwamba nimesema kweli. Alisema tu, "Jua ni la bure."

Dukani alikuwa vivyo hivyo. Mwenye duka letu alikuwa na desturi ya kuzifunga pedi kwa gazeti kabla hajampa mtu, gazeti mara mbili, halafu anapitisha chini ya kaunta. Siku moja Somo alinipeleka naye, akazifungua mbele yake.

"Mkate huufungi gazeti," akamwambia. "Sabuni huifungi. Hizi zimekukosea nini?"

"Bi mkubwa, namsitiri mtoto."

"Ukitaka kumsitiri mtoto, punguza bei."

Watu walicheka. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Nilitembea nyumbani na pakiti ile mkononi, wazi, na njia haijawahi kuwa ndefu vile. Yeye alikuwa mbele yangu hatua kumi, hakugeuka hata mara moja. Nilimchukia siku ile. Nimeandika hivyo kwenye daftari langu, na sijafuta.

Ramadhani ndiyo niliyompenda zaidi. Msichana asiyefunga kwa sababu ya hedhi anapata taabu ambayo watu hawaizungumzi. Huwezi kula mbele ya watu, huwezi kusema kwa nini unakula, wavulana wanakuuliza umefunga, ukisema ndiyo umesema uongo, ukinyamaza wameshajua. Wengi wanakaa na njaa tu siku nzima bila hata thawabu. Somo alikuwa na chumba cha nyuma chenye pazia la kijani. Adhuhuri, msichana yeyote wa mtaa wetu aliyekuwa katika siku zake aliingia kwa mlango wa jikoni akakuta muhogo wa nazi na maji. Siku nyingine tulikuwa wanne, siku nyingine niko peke yangu. Tulikula tukitazama sahani. Yeye mwenyewe amefunga, midomo imemkauka, lakini alikaa nasi.

"Kuleni, msione haya," alikuwa anasema. "Aliyewaruhusu ndiye aliyeamrisha."

Yeye hakuwa tena na ruhusa hiyo. Damu yake ilikoma mwaka ule ule yangu ilipoanza. Aliwatangazia wanawake wa barazani kwamba amestaafu, akapika bokoboko, na mmoja wao akamuuliza kama atalipwa pensheni. Alicheka mpaka akafuta machozi. Baadaye, tulipobaki wawili, aliendelea kuyafuta, na wakati ule hakuwa anacheka. Somo hakujaaliwa mtoto. Waume wawili, wote walioa wengine wakapata. Wasichana aliowafunza hawana idadi, wameolewa Shimoni, Lungalunga, Tanga, na kila Idi simu yake inalia mpaka inazima. Halafu inazima, na nyumba inanyamaza. Nilijua kunyamaza kule kwa sababu nyumba yetu pia inanyamaza hivyo hivyo, ukuta kwa ukuta.

Ramadhani iliyopita, siku ya sita, niliingia kwa mlango wa jikoni nikakuta sahani mbili.

"Leo nakula nawe," akasema. "Vidonda vya tumbo vimeniamka."

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kuwa na mtu wa kula naye, na sikuuliza zaidi. Siku ya saba, sahani mbili. Siku ya nane vilevile. Siku zangu ziliisha nikaanza kufunga tena, lakini kila alasiri nilikwenda kumchagulia majani. Adhana ya alasiri ilipotoka hakuinuka. Aliendelea kushona. Mswala wake ulikuwa umekunjwa juu ya kabati, na juu ya mswala pana bakuli la vitunguu.

Mtu ambaye nimemwona akiswali na homa, akiswali amekaa siku mguu wake ulipovunjika.

Nilirudi nyumbani nikaandika: *Leo Somo hakuswali.* Kesho yake nikaandika tena. Kuandika ni kitu ninachokifanya badala ya kusema. Sikuandika maana yake. Lakini niliijua. Vidonda vya tumbo vinamzuia mtu kufunga, havimzuii kuswali. Kitu kinachozuia vyote viwili ni kimoja, na ni yeye mwenyewe aliyenifundisha.

Idi ikaja. Alivaa leso mpya, akaniwekea ubani, akanipa haluwa. Alikuwa amepungua mikononi. Hakwenda kuswali Idi na wenzake, alisema mguu. Nikaandika.

Nilimwambia nani? Mama nilikatazwa. Wanawake wa barazani nawaogopa hata kuwapa salamu wakiwa zaidi ya wawili. Niliomba simu ya mama kana kwamba ni ya kazi ya biolojia, nikasoma kuhusu mwanamke ambaye damu yake imekoma kisha ikarudi. Nikasoma mara mbili. Inaweza kuwa jambo dogo. Inaweza kuwa saratani ya kizazi. Ikiwahiwa inatibika, ikiachwa inaua, na mtu hawezi kujua ni ipi kwa kukaa nyumbani. Nikafuta ukurasa, nikarudisha simu.

Nilikaa siku nane zaidi bila kusema neno. Hili ndilo ninaloliona aibu. Nilikwenda kila siku, nikachagua majani, nikaondoka.

Jumapili alasiri nilikwenda na daftari ndani ya mkoba. Alikuwa hashoni. Alikuwa amekaa barazani, mikono mitupu, na hilo pekee lilinitia hofu.

"Karibu, somo."

Nikakaa. Lundo la majani halikuwepo, kwa hiyo sikuwa na pa kutazama.

"Somo," nikasema. "Huswali."

Alinitazama usoni. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akatabasamu, tabasamu dogo la upande mmoja, kama msichana wa darasa la saba, akainama karibu nami.

"Imerudi," akasema.

"Nini?"

"Wajua nini. Imerudi mwenyewe. Mwanzo nilidhani ni jeraha. Kisha nikaona, la, ni ile ile." Alivuta leso mabegani. "Sisemi nitazaa. Sina wazimu. Lakini mwili umenikumbuka. Nilidhani umeshanisahau."

Nilitamani kuondoka wakati ule na kumwachia. Hilo pia naliandika. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia siri nzuri kama ile, na mimi ndiye niliyekuja kumnyang'anya.

"Ni siku ngapi?" nikauliza.

"Sihesabu."

"Mimi nimehesabu."

Tabasamu likaondoka.

"Siku thelathini na tisa," nikasema. "Ulinifundisha ikizidi kumi na tano si hedhi. Ulinifanya nirudie mara tatu."

"Unanifunza mimi?"

"Hapana."

"Mimi niliyekufunga kitambaa cha kwanza, unanifunza mimi damu?"

"Hapana, Somo. Ni maneno yako."

"Nenda kwenu."

Nikasimama. Miguu ilikwenda mpaka mlango wa ua, na hapo ikakataa. Nilisimama nimempa mgongo, kwa sababu ningemgeukia nisingeweza kusema.

"Umeandika?" akaniuliza kutoka nyuma.

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Kwenye daftari langu."

"Nani amesoma?"

"Hakuna."

"Chana."

"Sichani," nikasema.

Nilisikia sauti yangu na ilinitisha. Miaka mitatu na zaidi sikuwahi kumkatalia hata maji.

"Nasikia wanamlaza mtu chali," akasema polepole. "Wanamfungua miguu. Kijana mdogo na tochi. Mimi nimewafunga wasichana wangapi leso, nikawaambia hapo hapaonwi ila na mume. Leo nikajifungue mimi?"

Nilisema tu kwamba saa moja asubuhi nitakuja kumchukua twende zahanati, na kwamba muuguzi wa asubuhi ni mwanamke, nimeuliza. Nilikuwa sijauliza.

Jioni nilimwambia mama kwamba kesho nitachelewa shule, nampeleka jirani hospitali. Mama alikuwa anavua viatu, miguu imevimba.

"Anaumwa nini?"

Nikaokota viatu vyake nikavipanga mlangoni. Akanitazama, kisha akafungua mkoba wake akanipa noti ya mia mbili.

"Yangu ni kutouliza," akasema. Hakusema kwa ubaya. Nilitaka kukaa naye pale kitandani kidogo, lakini alikuwa ameshalala na nguo zake.

Asubuhi niliamka mapema nikapita kwanza zahanati, mbio, kabla hata geti halijafunguliwa, nikamuuliza mlinzi muuguzi wa leo ni nani. Akasema ni dada fulani wa bara. Nikakimbia kurudi. Somo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya ua wake, amevaa buibui na viatu vya harusini, mkoba mapajani. Sijui alikuwa amekaa pale tangu saa ngapi.

"Umechelewa," akasema.

Tulitembea, yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye foleni alichagua benchi la mwisho. Jina lake lilipoitwa aliinuka kama mtu mwenye nguvu zote, nikamfuata mpaka ndani. Muuguzi alikuwa msichana hasa, kucha zimepakwa rangi, na mbele yake daftari kubwa limefunguliwa.

"Karibu, shosho. Leo tunakuangalia nini?" akauliza, akimwita bibi kwa neno la bara.

"Presha," Somo akasema. "Nimekuja kupimwa presha tu."

"Sawa. Leta mkono."

Akaanza kuukunja mkono wa buibui. Nilitazama sakafu. Muuguzi alichukua ule ukanda wa presha, akauzungusha mkononi mwa Somo, akaanza kuujaza upepo. Nilijua ukishatolewa tutaambiwa asante, tutatoka, tutarudi nyumbani, na hatakuja tena.

"Hakuja kwa presha," nikasema.

Muuguzi akaacha. Somo hakunigeukia.

"Damu yake ilikoma kama miaka mitatu iliyopita. Imerudi. Leo ni siku ya arobaini." Sauti ilitoka yote, mpaka neno la mwisho. "Anaogopa kulazwa chali. Mimi pia ningeogopa."

Muuguzi aliweka ukanda chini. Alikwenda akasukuma mlango, akavuta pazia la dirisha, akarudi akakaa, na safari hii aliweka kiti chake karibu na cha Somo. Hakugusa lile daftari.

"Mama," akasema, na hakuwa tena na haraka. "Niambie mwenyewe."

Bila kunitazama, Somo akanipa mkoba wake.

"Nenda nje," akaniambia. "Nitasema mwenyewe."

Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, katikati ya akina mama na watoto wao wa chanjo. Mama mmoja akaniuliza nimemleta nani, nikamwambia ni somo wangu. Mlango haukufunguliwa kwa muda mrefu. Sikujaribu kusikiliza. Kengele ya shule yetu ililia kwa mbali, ya kipindi cha pili, nikaisikia, nikakaa.